Sambaza wa Rusizi: udogo si hasara, hasara ni kuoza

Dubu maji ni kiumbe mgumu kuliko wengi tunaowajua. Hukauka akabaki kama chembe ya vumbi, akakaa hivyo miaka, kisha tone la maji likamwamsha. Mwaka 2007 alipelekwa anga za juu akarudi hai. Je, analika? Urefu wake kwa kawaida haupiti nusu milimita. Kwa hesabu ya haraka, gramu moja ingetaka dubu maji zaidi ya 100,000, na wavu wa kuwavua haupo. Ugumu peke yake haumfikishi kiumbe sokoni. Sokoni hufika yule anayevulika kwa wingi na kuhifadhika mpaka mnunuzi apatikane.

Katika soko la Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, yupo mdogo aliyetimiza sharti la kwanza na anayehangaika na la pili: sambaza.

Samaki huyu wa jamii ya dagaa si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Kwao ni Tanganyika. Mto Rusizi hutoka Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ukashuka hadi Tanganyika, mita 770 hivi, kwa maporomoko ambayo dagaa hawezi kuyapanda. Ndiyo maana maji ya katikati ya Kivu yalikuwa na chakula kisicho na mlaji. Kati ya 1958 na 1960, enzi za Wabelgiji, vifaranga wa aina mbili waliletwa kutoka Tanganyika. Aina moja ikatoweka. Nyingine, Limnothrissa miodon, ikashika, ingawa chini ya mita 60 hivi ziwa halina oksijeni, limejaa methani na kaboni dioksidi. Sambaza anaishi juu ya ghala la gesi na anazaana.

Kumvua ni kazi ya usiku. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu ukateremshwa, taa zikawashwa. Zamani zilikuwa karabai. Sasa ni taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua, kwa sababu mwezi hushindana na taa.

Alfajiri ndipo fedha inapopatikana au kupotea. Sambaza mbichi hana subira: lazima auzwe asubuhi ileile, Kamembe au ng'ambo ya mpaka, Bukavu, ambako akina mama huvuka na mabeseni. Mnunuzi anajua kwamba muuzaji hana muda, na saa zikisonga bei hushuka. Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, biashara ya beseni ilionja udhaifu huo.

Mkavu ana nguvu zaidi. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, hivyo kilo nne hutoa takriban kilo moja, lakini kilo hiyo husubiri bei na kusafiri mbali na ziwa. Huliwa mzima, kichwa na mifupa, akampa mlaji kalsiamu ambayo mnofu wa sangara hauna kwa kiasi hicho. Tatizo ni mvua, nayo Rusizi, jirani ya msitu wa Nyungwe, haikosi. Aliyeanika chini bila paa hupoteza mzigo au huuza wenye mchanga.

Kuongeza mavuno si jibu. Uvuvi husimamishwa kila mwaka ili samaki wazaliane, na nyavu za macho madogo ziitwazo kaningini zinasakwa. Isitoshe, tangu 2006 ameonekana Kivu mgeni mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicus, anayegombea chakula hichohicho. Wavu unaofuata hautaleta faida ambayo chanja yenye paa na barafu vinaweza kuleta.

Dubu maji hujikausha mwenyewe. Sambaza hawezi, anahitaji mtu wa kumjengea chanja.