"Asome Nini?" Swali la Bendera Linalotudai Jibu

Wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba huenda hawaijui Bendera. Ni kata ya wilaya ya Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro, iliyo tambarare chini ya milima ya Upare, kwenye barabara itokayo Same mjini kupitia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio hadi Mkomazi. Juu milimani kuna mvua, migomba na tangawizi. Chini kuna jua kali, na ng'ambo ya mashamba imetanda Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Leo, hata hivyo, hatuitaji Bendera kwa ajili ya mazao yake wala wanyama wake. Twaitaja kwa sababu ya swali tuliloulizwa huko, ambalo hatukuweza kulijibu.

Tulikuwa katika ziara ya kazi za Chama, tumeketi na wananchi chini ya mti. Kama ilivyo desturi yetu, tulizungumza juu ya elimu. Tukasema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Tukawahimiza wazazi wasiwaoze binti zao mapema wala wasiwafanye wana wao wachungaji. Wananchi wakapiga makofi. Ndipo mama mmoja akasimama, kanga kajifunga kiunoni kama mtu aliyetoka shambani moja kwa moja, akasema: "Ndugu viongozi, nina binti yuko kidato cha nne. Anataka kwenda chuo kikuu awe daktari. Asome nini?"

Mmoja wetu akamjibu kwa upole: "Mama, asome kwa bidii."

Yule mama hakuketi. Akasema: "Bidii anayo, baba. Nimeuliza asome nini."

Pakawa kimya. Meza kuu ilikuwa na watu wenye vyeo na wenye vyeti, wala hapana hata mmoja aliyekuwa na jibu kamili. Mkutano ukafungwa kwa kaulimbiu, nasi tukaondoka na deni.

Baadaye tulielezwa kisa kilichomfanya mama huyo aulize. Kaka wa binti huyo naye alitaka udaktari. Alipofika mahali pa kuchagua masomo ya kidato cha tano, mtu mzima aliyemwamini alimwambia kwamba Fizikia ni somo la kujitakia kuanguka, na kwamba Jiografia ni nyepesi. Kijana akasoma Kemia, Baiolojia na Jiografia. Akafaulu, tena vizuri. Alipoomba nafasi ya udaktari ndipo alipojua kwamba shahada hiyo yataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, na kwamba wingi wa alama za Jiografia haulipi pengo la Fizikia. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba masomo yale aliyofaulu yalikuwa yamemfungulia milango ya kilimo, misitu na mazingira. Yeye aliuona ule mmoja uliofungwa tu, na muda wa maombi ukampita. Siku tuliyofika alikuwa akifanya kibarua katika mashamba ya mpunga.

Huenda ndugu zetu wa visiwani wakauliza: mambo ya Bendera yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika orodha ya mambo ya Muungano, imeitaja elimu ya juu na imelitaja Baraza la Mitihani la Taifa. Kwa hiyo mtoto wa Micheweni, mtoto wa Makunduchi na mtoto wa Bendera huketi siku moja, saa moja, mbele ya karatasi ile ile ya kidato cha sita. Hakuna karatasi ya wenye maabara na nyingine ya wasio na maabara. Ikiwa mtihani ni mmoja, basi na habari za mtihani hazina budi kumfikia kila mmoja.

Tulipe basi deni letu.

Jibu la kwanza ni kwamba mtihani wa kuingia chuo kikuu hauanzi kidato cha sita. Huanza siku mtoto anapochagua tahasusi, yaani mkusanyo wa masomo matatu ya kidato cha tano. Hapana budi kuanza na kazi anayoitaka mtoto na kurudi nyuma hadi kwenye masomo. Atakaye udaktari hana njia ila Fizikia, Kemia na Baiolojia. Atakaye uhandisi asiiache Hisabati wala Fizikia. Atakaye kuwa mwalimu mwenye shahada ajue kwamba atapimwa kwa masomo mawili atakayokwenda kuyafundisha. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi kwa wingi kuliko zilivyokuwa kabla. Hiyo ni neema, lakini njia zikizidi kuwa nyingi, msafiri asiye na mwenyeji hupotea kwa urahisi zaidi.

Jibu la pili ni hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuifanya kwa vidole. Katika mtihani wa kidato cha sita, A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza, kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusika na shahada inayoombwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtoto anaweza kuwa na pointi nyingi na asiwe na zile zinazotakiwa. Tena hicho ni kizingiti tu. Shahada zinazogombaniwa na wengi hudai zaidi ya hapo. Wala lisidharauliwe somo dogo la hisabati, lile ambalo wanafunzi huliita BAM, kwa kuwa ziko shahada zinazoliuliza.

Jibu la tatu lawahusu wale wasiofika kidato cha sita. Vyuo vya kati, katika kozi nyingi, hutaka alama nne za kufaulu kidato cha nne katika masomo yasiyo ya dini. Twalisema hili kwa masikitiko na kwa upendo, kwa sababu tumewaona vijana wa visiwani na wa Bara waliohesabu alama nne, moja ikiwa ya elimu ya dini, wakarudishwa mlangoni. Mtoto asome dini yake, naye atapata radhi. Lakini asiitegemee kuwa ya nne katika hesabu hiyo.

Jibu la nne ni juu ya vitabu. Watoto wengi husoma madaftari ya waliowatangulia, wakidhani hayo ndiyo elimu yote. Madaftari hayo yana makosa yaliyonakiliwa mwaka hata mwaka. Cha kwanza kushika ni muhtasari wa somo, maana mtunga mtihani hatoki nje yake. Cha pili ni fomati ya mtihani, inayoeleza idadi ya maswali na namna yanavyopangwa. Cha tatu, ambacho wachache wanakijua, ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani. Humo Baraza lenyewe laeleza swali gani liliwashinda wengi, walikosea wapi, na jibu zuri lilikuwaje. Taarifa hizo zapatikana bila malipo katika tovuti ya Baraza. Mwalimu mmoja mwenye simu na nia njema aweza kuzifikisha kwa shule nzima.

Jibu la tano ni lugha. Mtoto wetu husoma kwa Kiswahili miaka yake ya mwanzo, kisha hupimwa kwa Kiingereza katika karibu kila somo la sekondari. Wengi huanguka wakiwa na jibu kichwani, kwa kukosa kulielewa swali au kukosa maneno ya kuliandika. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu nasi hatuufungi leo. Lakini kijana atakayeketi mtihanini mwezi Mei hawezi kuusubiri mjadala uishe. Na aandike kila siku ukurasa mmoja kwa Kiingereza juu ya somo alilofundishwa, na mwenzake ausahihishe.

Sisi tuliolelewa chuoni, kwa maana ile ya kwetu ya chuo, kabla ya kujua kwamba kuna Chuo Kikuu, tulifundishwa kuhifadhi. Hatuikejeli njia hiyo. Ilitupa masikio, ulimi na subira. Lakini maalimu wetu alikuwa akitukumbusha kwamba aliyehifadhi aya bila kujua maana yake ameushika mlango, hajaingia nyumbani. Ndivyo ulivyo mtihani wa leo. Haumuulizi mtoto tu fasili ya mmomonyoko wa udongo. Humpa ramani, humwonyesha mteremko, akamwambia aeleze kwa nini udongo umekwenda na afanye nini kuuzuia. Mtoto wa Upare ameuona mmomonyoko kwa macho yake, na mtoto wa Pemba vilevile. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba yale aliyoyaona shambani kwa babu yake ndiyo jibu.

Wapare wana ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito usiku, ili asubuhi yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika shambani. Kijito chenyewe ni kidogo. Kikiachwa kitiririke hivi hivi, huishia njiani. Na kusoma ni hivyo. Saa moja kila usiku kwa miaka miwili hujaza ndiva. Mwezi mmoja wa kukesha kabla ya mtihani ni kufungua ndiva tupu.

Sasa twageukia Serikali na wenzetu wa Chama. Mwezi Novemba mwaka 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba kazi na mwenendo wa mtu vihesabiwe katika kuingia Chuo Kikuu, na kwamba mtihani wa siku moja usiwe ndiyo kadhi wa pekee. Utaratibu wa kufanya kazi kwanza ulilegezwa baadaye, na yako mambo ndani yake yaliyostahili kulegezwa. Lakini fikra iliyokuwamo bado ni hai: milango ya elimu ya juu isiwe siri ya watu wa mjini. Hata leo upo utaratibu wa kutambua ujuzi wa watu wazima waliojifunza kazini na kuwapima kwa mitihani maalumu ili waingie chuo kikuu. Wangapi wanaujua, Bendera au Kojani?

Twashauri mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, miongozo ya udahili inayotolewa kwa Kiingereza ifupishwe kwa Kiswahili, na ukurasa wa tahasusi na kazi zake ubandikwe katika kila ofisi ya kata Bara na ya shehia Zanzibar. Pili, kila shule ya sekondari iwe na mwalimu mmoja mwenye wajibu wa kushauri kabla wanafunzi hawajajaza fomu za machaguo, na wazazi waitwe wasikie. Tatu, mtoto asikatazwe Fizikia kwa kuwa shule haina mwalimu wa Fizikia. Hapo mwenye kosa si mtoto. Upareni watu hutoka kwa msaragambo kuchimba mifereji na kujenga madarasa. Wananchi wametimiza sehemu yao ya msaragambo huo. Sehemu ya Serikali ni mwalimu na maabara.

Tumemwandikia yule mama barua yenye majibu haya, na kumweleza kwamba kaka mtu naye bado anaweza kuomba nafasi kwa masomo aliyofaulu. Hatujui kama binti atafika. Hilo li mikononi mwa Mwenyezi Mungu na katika jitihada yake. Lakini akishindwa, asishindwe kwa sababu meza kuu ilinyamaza. Na sisi wenye kuketi meza kuu, tunapokwenda tena kwa wananchi kuhubiri elimu, tuchukue majibu pamoja na kaulimbiu.