Sura ya Saba: Mezani kwa Mwanapatholojia wa Mifugo

Ng'ombe akifa usiku kwenye tambarare za Mvomero, mfugaji ana saa chache tu za kuamua: amchune, amfukie, awaachie mbwa, au apige simu? Joto halimsubiri. Kabla jua halijapanda sana, bakteria wa tumboni huwa wamekwisha kuozesha utumbo na ini, na alama zilizoachwa na ugonjwa zinafutika moja baada ya nyingine. Mwanapatholojia wa mifugo anayefundisha Morogoro hushindana na saa hizo miaka yote ya kazi yake. Inampasa azisome alama hizo zingali zinasomeka, na awafundishe wengine kuzisoma.

Chuo chini ya mlima

Kabla ya mwaka 1976, Mtanzania aliyetaka shahada ya udaktari wa mifugo alikwenda nje ya nchi, hasa Kabete jijini Nairobi. Mwaka huo masomo hayo yalianza Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Julai 1984 kampasi ya Morogoro ikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mtoto wa wafugaji wa Monduli, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro Aprili mwaka uleule.

Kwa fani hii, mahali penyewe ni hazina. Juu Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, wakulima hufuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walioletwa miaka ya 1980. Chini, Mvomero na Kilosa, yamo makundi ya ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine. Magharibi ni Mikumi, yenye nyati na mbung'o. Mjini kuna kuku, nguruwe na mbwa. Mhadhiri anayetoka asubuhi anaweza kukutana na magonjwa ya baridi ya mlimani na ya joto la nyika katika mkoa mmoja.

Namna mzoga unavyosomwa

Mwanafunzi hufundishwa kwanza kutoshika kisu. Hutazama hali ya mwili, macho, ufizi, na matundu ya pua na ya haja. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au sehemu ya haja hapasuliwi, kwa sababu huenda ni kimeta. Vimelea vya kimeta vikipata hewa hujenga mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini miongo mingi. Hapo hutosha tone la damu ya sikioni kwenye kioo cha hadubini, kisha mzoga huchomwa moto au kufukiwa kwenda chini sana.

Pasipo shaka hiyo, kisu hufanya kazi kwa utaratibu uleule kila mara, ili kiungo kisisahaulike. Koo na mapafu yaliyojaa povu, pamoja na tezi zilizovimba, huelekeza kwenye ndigana kali inayoenezwa na kupe. Mapafu magumu yenye mabaka kama marumaru, na maji mengi kifuani, huelekeza kwenye homa ya mapafu ya ng'ombe. Kwa kuku, madoa ya damu kwenye tumbo dogo lililo kabla ya firigisi huleta shaka ya mdondo.

Lakini macho hayatoshi. Vipande vidogo vya ini, pafu, figo na ubongo huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vyembamba kiasi cha sehemu tano za elfu moja za milimita. Rangi mbili hutiwa: ya zambarau hushika viini vya seli, ya waridi hushika sehemu zilizobaki. Chini ya hadubini ndipo huonekana seli zipi zimekufa, na ni zipi zilizokuja kupigana.

Ini lililoonya

Faida ya kazi hii ilidhihirika mapema katika ukanda wetu. Mwaka 1930 wanakondoo walikufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Daubney, Hudson na Garnham waliwachunguza, wakakuta maini yameharibika vibaya, na mwaka 1931 wakachapisha maelezo ya ugonjwa tunaouita homa ya bonde la ufa. Ulipozuka Tanzania mwaka 2007, Dodoma na Morogoro zikiwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika, watu zaidi ya 100 walifariki. Mifugo inayotupa mimba baada ya mvua kubwa ni onyo kwa binadamu, na anayelichunguza ini la kijusi kilichotupwa analinda wachinjaji, wakamuaji na watoto wao.

Ngazi ya mwalimu

Anayechagua njia hii huanza kama mkufunzi msaidizi, akasoma shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, akapanda kuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa. Machapisho huhesabiwa katika kila ngazi. Hata hivyo, kipimo kizito zaidi ni wanafunzi wake: daktari wa wilaya ya mbali, asiye na maabara wala umeme wa uhakika, anayeweza kutazama wengu na kujua la kufanya kabla ya jioni. Utafiti wenyewe hutegemea mizoga inayofika mezani. Ugonjwa usioletwa hauingii katika takwimu, na usiokuwa katika takwimu haupangiwi chanjo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na hapa kilio huwa cha kijiji kizima.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, mnyama wako akifa ghafla usimchune, usimle kibudu, wala usimuuzie jirani nyama yake. Mwite afisa mifugo wa kata siku ileile. Nawe kijana unayesoma biolojia ukitafuta fani, jua kwamba wataalamu wa patholojia ya mifugo bado ni wachache mno kwa nchi yenye mifugo mingi kama yetu. Njoo usome.