Mtoto akapimwa, mzazi akajitambua

Mzazi anapompeleka mtoto kuchunguzwa usonji, huulizwa maswali mengi. Je, huziba masikio blenda inapowashwa? Hutaabika ratiba ikibadilika ghafla? Huweza kuzungumzia jambo moja kutwa nzima? Wapo wazazi wanaojibu huku moyo ukiwaenda mbio, kwa sababu kila wanachokieleza kinawakumbusha utoto wao wenyewe.

Ndivyo alivyojitambua Liane Holliday Willey wa Marekani. Binti yake alipogundulika kuwa na aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger, mama naye akajiona humo. Mwaka 1999 alitoa kitabu, Pretending to be Normal, kuhusu maisha ya kuwaiga wengine ili asionekane tofauti.

Hurithiwa, haufundishwi

Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni. Hauambukizi, wala hauletwi na malezi. Kwa miaka mingi akina mama walilaumiwa kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Lakini mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Tangu hapo tafiti nyingi zimethibitisha kuwa jeni, tena nyingi kwa pamoja, zina mchango mkubwa.

Mbona basi mzazi hakugunduliwa alipokuwa mdogo? Leo Kanner, aliyeeleza usonji mwaka 1943, aliandika kuhusu watoto 11 tu, na kwa miongo kadhaa madaktari walitafuta watoto wanaofanana na hao pekee. Lorna Wing, daktari wa Uingereza aliyekuwa mama wa binti mwenye usonji, ndiye aliyesaidia kuonyesha kuwa usonji una sura nyingi. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyefaulu masomo lakini akakaa peke yake kila mapumziko aliambiwa ana kiburi, akakua na jina hilo.

Hisi mbili chini ya paa moja

Mzazi mwenye usonji ana hazina. Mtoto akikataa shati kwa sababu lebo inamkwaruza shingoni, mzazi haoni ukaidi, maana lebo hiyo imemtesa yeye pia. Hata hivyo kufanana hakumalizi kazi. Mtoto anaweza kujituliza kwa kuimba sauti moja saa nzima, na sauti hiyohiyo ikamchoma mzazi ambaye amerudi kutoka kazini amechoka kuficha hali yake.

Hapo ndipo wote wawili huweza kuelemewa. Mtoto anayelilia kitu kwa kudeka hunyamaza akipewa. Aliyeelemewa na kelele, mwanga au mabadiliko hanyamazi hata akipewa alichotaka, kwa kuwa ubongo umezidiwa. Punguza mwanga na sauti, sema maneno machache, ondoa vitu vinavyomuumiza, kisha subiri. Maelezo na mafunzo yaje baadaye.

Mzazi naye anahitaji njia ya kutokea kabla hajafika ukingoni. Viziba masikio vinavyopunguza kelele bila kumzuia kumsikia mtoto husaidia. Ratiba ya picha ukutani inamwambia mtoto kitakachofuata, na inampunguzia mzazi maswali. Akubaliane pia na mwenzi, bibi au shangazi juu ya ishara moja ya mkono inayomaanisha "nishikie mtoto, nipumzike dakika kumi", na ishara hiyo iheshimiwe bila kuhojiwa.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Watoto hao hukua, na baadhi yao watalea. Kwa hiyo mtaalamu anayemaliza kuuliza kuhusu masikio ya mtoto na aongeze swali moja kwa aliyemleta: "Na wewe, kelele hizi unazivumiliaje?" Jibu la mzazi ni sehemu ya matibabu ya mtoto.