Je, Wajua? Gia Husafishwa kwa Mlipuko

Mashine ikishakata meno ya gia, kingoni hubaki vijichuma vyembamba, vikali kama wembe. Viwanda vingine huvilipua! Gia hufungiwa ndani ya chemba nene, gesi inayowaka na oksijeni huingizwa, kisha cheche. Joto hufika nyuzi 3,000 za Selsiasi hivi, kufumba na kufumbua. Vijichuma huteketea kwa sababu ya wembamba wao. Gia yenyewe haiyeyuki. Hutoka na vumbi la oksidi tu, ikaoshwe.

Viwanda vingine huviondoa vijichuma kwa umeme na maji ya chumvi: kifaa hakiigusi gia hata kidogo.

Kwa nini taabu yote hii? Kijichuma kikikatikia ndani ya giaboksi, huzunguka na oili kikikwaruza meno mengine na beringi.