Mtumbwi haufungwi kama mbuzi

UKITOKA Mbarara kwa barabara ya Kikagati, ile wanayoijua vizuri wafanyabiashara wanaovuka kwenda Murongo, Tanzania, unaingia Isingiro. Ulizia Kabingo na Nakivale, vijana wa bodaboda watakufikisha. Huko ndiko nilikozaliwa na kusomea, enzi hizo Isingiro haijamegwa kutoka wilaya ya Mbarara. Wazazi wangu walifika na wakimbizi wa Rwanda wa miaka ya 1960. Sisi tulirejea nyumbani mwaka 1994.

Desemba iliyopita nilivuka Kagitumba kwenda kusalimia ndugu waliobaki. Binamu yangu, ambaye huuza samaki wakavu Mbarara, hakunipa hata nafasi ya kumaliza chai. "Kaka mwalimu, twende kwanza uione mashua yetu." Yeye na akina mama watatu walichanga kwa miaka miwili. Mashua ni ya mbao, na rangi yake bado ilikuwa inanukia. Nilipoiona pale mwaloni moyo ulinishtuka. Walikuwa wameifunga kwa kamba moja fupi ya plastiki, imekazwa mbele kwenye kisiki, na nyuma iko huru.

Hivyo hivyo ndivyo nilivyoufunga mtumbwi wa baba mwaka 1992.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Baba aliniachia mtumbwi jioni, akasema, "Funga vizuri." Mimi nikadhani vizuri maana yake ni kukaza. Ilikuwa kiangazi. Ziwa Nakivale lina kina kifupi, kwa hiyo upepo ukivuma mawimbi yake huwa mafupi na ya haraka, yanapiga bila kupumzika. Usiku ule upepo ulitokea ziwani. Mtumbwi ukazungukia ile kamba yake moja na ubavu ukawa unagonga kisiki hadi alfajiri. Asubuhi tulikuta ubao mmoja umepasuka kwenye mstari wa misumari na maji yamejaa hadi kwenye viti. Elimu ya msingi bila ada ilikuwa haijaanza Uganda. Ilianza mwaka 1997. Ada yangu ya muhula wa tatu ikageuka mbao, misumari na ujira wa fundi. Muhula huo nilikaa nyumbani nikikausha samaki, na wenzangu wakanitangulia darasa.

Baba hakunipiga. Alinipeleka mwaloni, akaniambia, "Mtumbwi haufungwi kama mbuzi." Mbuzi unamfunga asiende mbali, mtumbwi unaufunga usiguse kitu.

Pale Nakivale hakuna gati la saruji. Wavuvi hukata njia nyembamba katikati ya mafunjo, pana kidogo kuliko chombo chenyewe, na hiyo ndiyo maegesho. Mafunjo yanavunja mawimbi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini chombo kikiachwa kinacheza humo ndani kitagonga visiki na nguzo kuliko hata kingekuwa nje. Kwa hiyo unasimamisha nguzo nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila upande moja. Unafunga kamba nne, na chombo kinaning'inia katikati kikiwa hakigusi popote. Halafu inakuja kamba ambayo wengi wanaisahau: ndefu, inayotoka nyuma ya chombo kwenda kwenye nguzo ya mbele, na mwenzake kutoka mbele kwenda nguzo ya nyuma. Hizi ndizo zinazozuia chombo kwenda mbele na kurudi. Zile nne fupi peke yake haziwezi, labda uzikaze mno, na ukizikaze mno umerudi kwenye kosa langu.

Kamba iliyokazwa haina pa kunyooka. Wimbi likija, nguvu yote inaenda kwenye fundo, kwenye msumari, kwenye ubao. Nailoni ndiyo nzuri kuliko zote kwa kazi hii kwa sababu inavutika kisha inarudi. Kamba ya katani hunywa maji, hufupika na mwisho huoza. Zile za plastiki za rangi ya bluu ni rahisi bei, lakini jua linazila; ukiona nyuzi zinatoa unga mkononi, zitupe. Pale kamba inapopita kwenye ukingo wa mbao, zungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ubavuni ning'iniza tairi kuukuu.

Fundo la kwenye nguzo liwe kitanzi kinachoweza kuteleza juu na chini, maana maji hayakai pale ulipoyaacha. Wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuambiwa: mwaka 2020 ziwa lilipanda kuvunja rekodi, mialo ikafunikwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kisiwa cha mafunjo kilichokatika na kuelea kiliziba mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na Uganda ikakosa umeme. Kama mafunjo yanaweza kufanya hivyo, mtumbwi uliofungwa kamba moja ni kitu gani?

Wenzetu wa Kivu wana ujanja wao. Wavuvi wa sambaza hufunga mashua tatu kwa miti mirefu, na ile miti ndiyo inayozizuia kugongana zenyewe kwa zenyewe. Nimesimama Rubavu mara nyingi nikiitazama. Tofauti na kwetu ni kwamba wao hutumia mti badala ya kamba. Shabaha ni ile ile.

Mchana ule tulikata nguzo, tukanunua nailoni na kuomba tairi kwa fundi wa gari. Akina mama wale wanne walifunga kila mmoja kwa mkono wake, mimi nikikosoa kama ilivyo desturi ya walimu. Binamu alilalamika kwamba kamba zimelegea, watu watatucheka. Nikamwambia wacheke.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokolea, alinipigia simu. Maji yamepanda, vitanzi vimepanda nayo, mashua iko salama, ila nguzo mbili za nyuma zimebakiza kama shubiri moja juu ya maji. Nikamwambia atafute ndefu zaidi kabla kitanzi hakijachomoka. Akasema kijana wa kukata miti ameshatoka tangu asubuhi.