NYUNGU, ASALI NA HABASODA: Mipaka ya dawa za nyumbani katika homa ya mafua

 

Ndugu Waislamu, kila pepo za kusi zinapoanza kuvuma katika mwambao wetu wa Lindi na Kilwa, kikohozi na mafua huingia majumbani. Katika msimu kama huo, baada ya Sala ya Ijumaa hapa Mtanda, mzee mmoja alinishika mkono akasema: "Sheikh, mjukuu wangu ana homa, leo siku ya tatu. Tumempigia nyungu, tumempa asali na habasoda, hapati nafuu. Je, imani yetu ni haba?"

Nilimuuliza neno moja tu: "Amepimwa malaria?" Hakuwa amepimwa. Alipopelekwa kupimwa, ilikuwa malaria. Alhamdulillahi, mtoto alipona. Lakini swali la mzee yule linastahili kujibiwa kwa urefu, kwani wanaouliza hivyo ni wengi.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya mafua, yaani influenza, huletwa na virusi. Huja ghafla: joto kali, maumivu ya mwili, uchovu na kikohozi kikavu. Aghalabu mgonjwa hupona mwenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kwa sababu Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili askari wake, yaani kinga ya mwili. Hapa ndipo tunapokosea hesabu. Aliyeanza kunywa tangawizi siku ya nne akapona siku ya saba huishukuru tangawizi, hali ya kuwa mwili wake ulikuwa umekwisha kupigana vita vyenyewe.

Kila dawa na kiasi chake

Hatusemi kuwa dawa hizi hazina faida. Asali, ambayo Qur'ani Tukufu imeitaja katika Sura An-Nahl aya ya 69 kuwa ina ponyo kwa watu, hutuliza kikohozi cha watoto, na uchunguzi wa kitabibu umeliunga mkono jambo hilo. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha mwili wa mtoto mchanga. Tangawizi, mchaichai na ndimu katika maji ya moto hulainisha koo na kumrudishia mgonjwa maji aliyopoteza.

Nyungu ya majani ya mkaratusi au kivumbasi humpa mtu raha ya kupumua, lakini mvuke hauui virusi vilivyomo mwilini, na chungu cha maji yanayochemka kimewaunguza watoto wengi. Mafuta ya mkaratusi nayo yakinywewa ni sumu.

Ama habasoda, hadithi yake iliyomo katika Bukhari na Muslim inajulikana. Lakini Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza kuwa makusudio yake hasa ni maradhi yenye asili ya baridi. Wanachuoni, basi, hawakuifanya kuwa sababu ya kuacha tiba nyingine. Wataalamu wa leo wameona maabara kuwa kiini chake kimoja, thaimokwinoni, huathiri chembechembe za kinga. Hilo halijathibitisha kuwa huponya influenza. Tena habasoda yaweza kushusha sukari ya damu. Mwenye kisukari anayetumia dawa za hospitali amuulize daktari wake kwanza.

Kinga ni mizani

Siku hizi kila muuza dawa husema dawa yake "inaongeza kinga". Ndugu msomaji, kinga si mtungi wa kujazwa mpaka ufurike, ni mizani. Influenza ya mwaka 1918, inayokadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani, ilifika Afrika Mashariki kupitia bandari, ikasambaa pamoja na askari na wapagazi wa vita. Jambo la kushangaza ni kuwa iliwaua mno vijana wa kati ya miaka 20 na 40, wenye nguvu zao. Wataalamu wengi wanaona kuwa sababu mojawapo ni kinga iliyopigana kupita kiasi hata ikayaumiza mapafu yenyewe. Chakula bora, usingizi na chanjo huilea kinga ikabaki katika uwiano wake.

Tuliyashuhudia haya mwaka 2020, ilipoingia korona. Nchi nzima ilijifukiza, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ikatengeneza dawa ya mitishamba ya NIMRCAF, na mwezi Mei dawa ya Madagaska ikaletwa. Kisha Julai 2021 chanjo ikaanza kutolewa. Mitishamba ilitutuliza nyoyo, lakini haikutosha peke yake.

Jibu kwa mzee wangu

Imani yako si haba. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kuwa Mtume (S.A.W.) alimzuru Saad bin Abi Waqqas akiwa mgonjwa, akamwelekeza kwa tabibu, Al-Harith bin Kalada. Na katika kitabu hicho hicho imo hadithi ya kuwa anayetibu bila ya kuwa na ujuzi wa tiba hubeba dhamana ya madhara. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 nayo inamtaka mganga asajiliwe.

Basi, mtoto akipata homa katika mkoa wetu huu wa malaria, apimwe siku hiyo hiyo, nyungu isitangulie. Akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au kunywa, akipata degedege au akilegea, akimbizwe hospitali, hata ikiwa usiku wa manane. Asipewe aspirini, wala asinunuliwe dawa za kuua bakteria kiholela, maana haziui virusi. Wazee, wajawazito na wenye pumu nao wasingoje nyumbani.

Asali ibaki kabatini, na kadi ya kliniki iwe karibu nayo. Vyote viwili ni neema.

Wabillahi tawfiq.