Je, Uhalifu Umepungua? Jinsi ya Kusoma Takwimu za Polisi

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wafadhili ni fupi: tangu mradi wa usalama uanze, je, uhalifu umepungua? Kamati za parokia nazo hukutana na swali hilo kila zinapojaza taarifa ya robo mwaka. Ni swali la haki. Lakini tukilijibu kwa kuhesabu kesi za kituo cha polisi peke yake, tunaweza kufurahia jambo la kusikitisha, au kusikitikia jambo la kufurahisha. Tueleze kwa nini, tukitumia mfano wa Kenya.

Takwimu zinatoka wapi?

Mtu aliyeibiwa au kupigwa huenda kituoni. Afisa wa zamu huandika taarifa yake katika kitabu cha matukio, ambacho wengi tunakijua kwa jina la OB, na kumpa namba. Makosa yaliyoandikwa hujumlishwa kutoka vituoni hadi makao makuu, na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) huchapisha jumla yake kila mwaka katika ripoti ya hali ya uchumi.

Kwa hiyo ili kosa lihesabiwe, mambo matatu ni lazima yatokee: kosa litendeke, mtu aende kuripoti, na afisa aandike. Moja likikosekana, kosa halimo katika hesabu, ingawa maumivu yapo.

Mwaka 2019 polisi wa Kenya waliandikisha makosa 93,411. Mwaka 2020 yalishuka hadi 69,645, yaani zaidi ya robo nzima. Je, watu walitubu? Tarehe 27 Machi 2020 serikali ilianza kafyu ya usiku kwa sababu ya korona. Baa zilifungwa na barabara zikawa tupu, na bila shaka baadhi ya makosa yalipungua kweli. Lakini mama aliyepigwa usiku hakuweza kutoka nyumbani kwenda kituoni, huku simu za kuomba msaada kwa namba 1195 zikiongezeka. Hesabu ilipanda tena hadi 81,272 mwaka 2021 na 88,083 mwaka 2022.

Namba ndogo si lazima iwe amani

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Hivyo makosa ya mwaka huo yalikuwa takriban 196 kwa kila watu 100,000. England na Wales, zenye watu karibu milioni 60, huandikisha makosa karibu milioni 6 kwa mwaka, yaani takriban 10,000 kwa kila watu 100,000. Hakuna atakayeamini kwamba watu wa huko ni wahalifu mara hamsini kuliko sisi. Sheria za kuhesabu zinatofautiana, na huko mtu huripoti kwa simu; tena akiibiwa, kampuni ya bima humdai namba ya polisi. Kwetu wengi huona safari ya kituoni ni gharama bure.

Hata huko namba ziliwahi kuleta matata. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi waligundua kwamba karibu kosa moja kati ya matano yaliyoripotiwa England na Wales halikuandikwa. Kwa makosa ya ngono, ilikuwa zaidi ya moja kati ya manne. Afisa anayepimwa kwa kushuka kwa idadi ya makosa hushawishika kutoandika. Anayeumia ni yule aliyerudishwa nyumbani bila namba.

Tupime nini basi?

Kwanza, tuulize watu majumbani. Utafiti wa afya ya jamii Kenya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafikishe miaka 15. Hakuna kitabu cha OB kitakachoonyesha hali hiyo.

Pili, tuangalie makosa yasiyofichika kirahisi, hasa mauaji. Maiti hupelekwa mochari, na hesabu za polisi na za hospitali zinaweza kulinganishwa.

Tatu, tufuate safari ya kesi. Kati ya taarifa zilizoandikwa, ngapi zilichunguzwa, ngapi zilifika mahakamani, na ngapi zilimalizika? Hapa ndipo kazi ya polisi inapoonekana.

Nne, tusikilize malalamiko dhidi ya polisi wenyewe. Sheria ya 2011 iliunda Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi (IPOA). Polisi wanatakiwa kuijulisha kila kifo au jeraha kubwa linalotokana na vitendo vyao, na mwananchi yeyote anaweza kuipelekea lalamiko.

Maswali kwa kamati

Kamati ya parokia haihitaji kompyuta ili kuanza. Kila robo mwaka iulize katika jumuiya ndogo ndogo, bila kutaja majina:

- Ni watu wangapi walitendewa kosa?
- Wangapi waliripoti, na wasioripoti walizuiwa na nini?
- Walioripoti, wangapi walipewa namba ya OB?
- Wangapi waliombwa pesa kwa huduma ya bure, kama vile fomu ya P3?
- Wangapi walijulishwa kesi imefikia wapi?

Majibu ya makosa ya ngono na ya watoto yatunzwe kwa siri, na mhusika asindikizwe hospitali mapema kabla ushahidi haujapotea.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Mkiona katika taarifa kwamba kesi za unyanyasaji zilizoripotiwa zimeongezeka, msifunge mkono kabla ya kuuliza majumbani kunasemaje. Ikiwa waliotendewa hawajaongezeka ila walioripoti wameongezeka, basi mchango wenu unafanya kazi: watu waliokuwa kimya wameanza kusema, na kuna mtu mezani anayeandika.